Kombe Lililofunikwa: Nani Humziba Mhusika Mdomo katika Hadithi Fupi?

Wengi waliopitia sekondari Kenya miaka ya karibuni wanaikumbuka hadithi ya Alifa Chokocho, "Shogake Dada ana Ndevu", iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Safia ni binti wa kupigiwa mfano. Wazazi wake, Bwana Masudi na Bi Hamida, hawaishi kumsifu. Ana shoga yake, Kimwana, anayekuja nyumbani kudurusu naye. Mdogo mtu, Lulua, ndiye anayeona kitu ambacho watu wazima hawakioni, akakisema kwa maneno manne: shogake dada ana ndevu. Hakuna anayemtilia maanani. Kimwana ni mwanamume aliyejivika nguo za kike. Safia anashika mimba, na katika kuitoa anakufa.

Nikiwauliza wanafunzi wangu nani kamuua Safia, majibu huja harakaharaka. Kimwana. Wazazi wasioangalia. Safia mwenyewe, asiyesikia la mkuu (huyu wa mwisho hupata makofi mengi, hasa kutoka kwa wavulana). Mimi hujibu kwamba zilizomuua ni sifa. Binti aliyesifiwa kiasi kile hana tena pa kusimama akasema, "Mama, nimeharibikiwa." Kila sifa aliyomwagiwa ilikuwa tofali moja katika ukuta, na siku alipohitaji mlango, ukuta ulikuwa umeshafika darini.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Methali hiyo inafaa pale mwanaharamu anapokuwa mpita njia. Katika hadithi ninazotaka kuzizungumzia hapa hapiti. Ana chumba chake humo humo ndani.

Neno "ukandamizaji" likitajwa, wengi wetu huwaza virungu, mkoloni, serikali. Riwaya ina nafasi ya hayo yote. Hadithi fupi haina. Ina kurasa chache, watu watatu wanne, chumba kimoja, jioni moja, kwa hiyo ukandamizaji wake huingia kwa mlango mdogo: kwa ahadi, kwa cheko, kwa swali la "watu watasemaje?" Na hapo Kiswahili kinatusaidia kwa silabi moja tu. Mtu akikandamizwa, tutamtafuta mkandamizaji. Lakini akijikandamiza? Tazama kazi ya "ji": kujinyima, kujizuia, kujikaza, kujistiri. Mtenda na mtendwa wamekuwa mtu yule yule. Mvulana wa kwetu huambiwa "jikaze" kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na dada yake huambiwa "jistiri". Amri imetoka kwa mama, kwa mjomba, kwa mtaa mzima, ila kazi yenyewe ameachiwa mtoto, naye ataifanya hata wao wakiwa wamelala. Ataifanya hata wakiwa wamekufa.

Hadithi inayoonyesha jambo hilo wazi kuliko nyingi nilizozisoma ni "Eveline" ya James Joyce, Mwairishi wa Dublin. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1904 katika The Irish Homestead, gazeti la mambo ya wakulima. Msichana wa miaka kumi na tisa na ushee amekaa dirishani jioni inaingia, barua mbili alizoziandika mapajani, moja kwa kaka yake na moja kwa baba yake. Usiku huo atapanda meli na mchumba wake, baharia aitwaye Frank, waende Buenos Aires wakaoane. Baba amemkataza hata kuzungumza na huyo Frank.

Mtazame Eveline Jumamosi usiku. Anafanya kazi dukani, anapata shilingi saba kwa wiki, na zote anazitoa nyumbani. Kisha inambidi amwombe baba yake fedha ya chakula cha Jumapili. Mzee anamwambia yeye ni mbadhirifu, hana akili, hela zake alizozitolea jasho hazimpi mtu wa kwenda kuzitupa barabarani. Mwishowe anazitoa, na akizitoa anamwuliza: huna nia ya kutununulia chakula? Saa hizo usiku umeshaingia, na msichana anatoka mbio kwenda sokoni akipenya kwenye umati kwa viwiko, pochi nyeusi ya ngozi kaikamata barabara mkononi. Joyce hakuandika kwamba baba huyu ni dhalimu. Aliandika pochi.

Lakini baba siye anayemzuia Eveline. Wala si watu wa dukani, ingawa anajiuliza watamsema vipi wakisikia katoroka na mwanamume. Mama yake, kabla ya kufa, alimwahidisha kwamba ataishikilia nyumba isisambaratike kwa kadiri atakavyoweza. Mama huyo alimaliza maisha yake akiropoka maneno yasiyoeleweka, baada ya miaka mingi ya kujitoa kidogo kidogo, na Eveline anaogopa kufika alikofika yeye. Hata hivyo, bandarini, Frank anapomshika mkono wapande meli, vidole vyake vinakamata chuma cha kizuizi na haviachii. Frank anamwita. Yeye anamtazama kama mnyama asiyejiweza, macho hayaonyeshi hata kwamba anamjua. Hakuna aliyemshika. Baba yuko nyumbani, mama yuko kaburini, na "ji" inafanya kazi yake pale kwenye chuma.

Wasomaji wengine husema Frank naye huenda alikuwa laghai, na kwamba Eveline aliokoka. Inawezekana. Hadithi haitupi uhakika, na mimi napenda iwe hivyo, kwa sababu swali la kama Frank ni mwema haliondoi lile la kwa nini vidole vilikamata.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanawake tu. Katika mkusanyiko huo huo wa Joyce, Dubliners, kuna Bwana Duffy wa "A Painful Case", mfanyakazi wa benki anayeishi peke yake katika chumba kisicho na zulia wala picha. Ana tabia moja ya ajabu: mara kwa mara hujitungia kichwani sentensi fupi inayomhusu yeye mwenyewe, katika nafsi ya tatu na wakati uliopita. Yaani kajinyima hata "mimi". Mwanamke aliyemzoea anauchukua mkono wake siku moja na kuubandika shavuni, na hilo linatosha Duffy akate urafiki. Miaka minne baadaye, yuko hotelini anakula nyama na kabichi, anasoma gazetini kwamba mwanamke huyo amegongwa na treni. Huyu hana baba mkali wala mama wa kumwahidi neno. Kawa familia na mtaa wake mwenyewe.

Kitabu chenyewe nacho kilizibwa mdomo. Mchapishaji wa London alikikubali mwaka 1906, kisha mpiga chapa akasita, kwa kuwa sheria ya Uingereza ingeweza kumshtaki hata yeye aliyepanga herufi tu. Ukaanza mvutano wa futa neno hili, ondoa hadithi ile, mchapishaji akajitoa. Mwaka 1912, huko Dublin, kurasa zilizokwisha kuchapwa ziliharibiwa na mpiga chapa. Kilitoka 1914, na cha kuchekesha ni kwamba mchapishaji alikuwa yule yule wa kwanza. Katika habari nzima ya miaka minane sijaona hakimu aliyetoa hukumu. Watu walijizuia kwa kumwogopa hakimu ambaye hajafika.

Mfano ninaorudi kwake mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni wa Marekani: "The Yellow Wallpaper" ya Charlotte Perkins Gilman, iliyochapishwa Januari 1892. Mwanamke aliyejifungua karibuni hajisikii vizuri. Mumewe, John, ni daktari. Kaka yake pia ni daktari. Wote wawili wanasema hana ugonjwa wowote wa maana, apumzike, asifanye kazi, na juu ya yote asiandike. Wamepanga jumba la kifahari kwa majira ya joto, na chumba alichopewa, juu kabisa, kina nondo madirishani, kitanda kilichogongomelewa sakafuni, na ukuta uliobandikwa karatasi za manjano zenye mapambo yanayochafua macho.

Anaandika kwa kujificha. Hadithi nzima ndiyo maandishi hayo ya wizi, na mara inakatika kwa sababu John anakuja na lazima karatasi zifichwe. Wifi yake, Jennie, ndiye mtunza nyumba, mwema, mchapakazi, na wa kuchungwa asije akaona kalamu. (Kila ukoo una Jennie wake. Kwetu mara nyingi ni shangazi.) Na John? Hampigi. Hamtukani. Anambeba mikononi hadi kitandani, anamsomea mpaka kichwa kinamchoka, anamwita majina ya mtoto. Mke akisema chumba hiki sikipendi, anacheka. Ukandamizaji wa baba yake Eveline unaweza kuunyooshea kidole. Huu wa John hauna mpini wa kuushikia, kwa sababu kila tendo lake, ukilitaja peke yake mbele ya wazee, litaonekana huruma.

Basi kilichozuiwa kinatafuta pa kutokea. Mwanamke anaanza kuona nyuma ya mapambo ya ukuta mwanamke mwingine anayeyatikisa atoke. Anazibandua karatasi usiku kucha. Mwisho John anaingia, anaona mkewe anatambaa kuuzunguka ukuta, anazirai, na mke analazimika kutambaa juu yake kila anapofika pale.

Gilman hakulibuni jambo hili kutoka hewani. Mwaka 1887 alitibiwa na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa Philadelphia, Silas Weir Mitchell, kwa "tiba ya kupumzika", kisha akarudishwa nyumbani na agizo kwamba asishike tena kalamu, brashi wala penseli maisha yake yote. Alitii kwa miezi kama mitatu na, kwa maelezo yake ya 1913, alikaribia kuporomoka kabisa kiakili. Akaitupa tiba, akaandika. Daktari amemtaja kwa jina ndani ya hadithi, na nakala alimpelekea.

Tukikutana na vikundi vya usomaji nje ya chuo, watu hupenda kuanza na "nani mkosaji?", na mjadala hugeuka baraza la usuluhishi. Nawaomba waanzie kwingine: katika hadithi hii, ni kitu gani hufichwa mtu akiingia chumbani? Barua, kalamu, mimba, mkono uliotaka kushikwa. Na nani alisema neno kweli likapita kama halikusikika? Hapo mara nyingi humkuta mtoto, mgonjwa, au mtumishi.

Chokocho alimkuta Lulua. Yale maneno manne ambayo nyumba nzima iliyapuuza, aliyachukua akayaweka juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, mahali ambapo kila anayefungua hadithi lazima ayasome kabla hajamfikia Bwana Masudi.