Kebo za kuvishwa za pawa saplai ni nini?

Tangu makasha ya kompyuta za mezani yaanze kuwekwa ubavu wa kioo, nyaya zilizokuwa zikijificha humo ndani zimekuwa sehemu ya kutazamwa. Kebo zinazokuja kutoka kiwandani na pawa saplai, kile kisanduku kinachoigawia kompyuta umeme, huwa ndefu kuliko inavyohitajika, na nyingi ni nyeusi tii, zimefungwa kwa fungu au zimeunganishwa bapa kama utepe. Kebo ya kuvishwa ni ile ambayo kila waya umetolewa kwenye fungu hilo, ukakatwa kwa urefu wa kasha husika, ukavishwa gamba lake la nyuzi zilizosukwa, ukafungwa pini mpya na kuingizwa kwenye plagi. Plagi kuu ya ubao mama, ule ubao mkubwa unaounganisha sehemu zote za kompyuta, ina matundu 24. Anayesema anatengeneza "kebo moja" basi anazungumzia nyaya ishirini na kitu, kila mmoja na ncha zake mbili.

Gamba lenyewe halina kazi yoyote ya umeme. Waya tayari una ngozi ya plastiki inayozuia shoti, kwa hiyo kinachoongezwa juu ni pambo na kinga kidogo dhidi ya mikwaruzo. Kompyuta haitaongeza kasi wala kupoa zaidi, na anayeuziwa kebo hizi kwa ahadi ya namna hiyo anadanganywa.

Magamba yanayotumika sana ni ya aina mbili. Parakodi ni kamba ya nailoni ya parachuti iliyotolewa nyuzi za ndani. Ni laini, haing'ai, inakunjika kirahisi na inaficha vizuri rangi ya waya. Ya pili ni ya plastiki ya PET, iliyosukwa kwa nyuzi ngumu kidogo. Hii inang'aa na inashika umbo, ila ikiwa nyeupe juu ya waya mwekundu, wekundu utachungulia. Ndiyo maana wengi hununua waya wa rangi moja tu, mweusi au mweupe. Mimi naona parakodi inamfaa zaidi anayeanza, kwa sababu inasamehe mkono usio na uzoefu.

Kuna jambo linalochanganya watu hata kabla hawajashika mkasi. Kebo za kuvishwa ziko za namna mbili, na hatari zake hazilingani hata kidogo. Ekstensheni ni kipande kifupi kinachochomekwa kwenye ncha ya kebo ya kiwandani. Tundu la kwanza linaenda la kwanza, la pili linaenda la pili, hadi mwisho. Upande wa ubao mama mpangilio huo umewekwa na kiwango cha ATX, ambacho Intel ilikitoa mwaka 1995, na watengenezaji wote wanaokifuata wanaujua: kwa rangi za kiwango hicho, njano ni volti 12, nyekundu ni volti 5, rangi ya chungwa ni volti 3.3, nyeusi ni graundi, yaani njia ya umeme kurudi, na kijani ndio waya unaoiamuru pawa saplai iwake.

Kebo kamili inaanzia kwenye pawa saplai yenyewe, ile yenye kebo za kuchomoka. Huko hakuna kiwango. Kila mtengenezaji hupanga matundu atakavyo, na toleo moja la kampuni laweza kutofautiana na toleo jingine la kampuni hiyohiyo. Ubaya ni kwamba plagi inaweza kuingia vizuri kabisa na kulia "tak!" huku volti 12 ikiwa imekaa mahali pa volti 5. Diski iliyoungwa hapo haingoji dakika. Inakufa mara tu unapobonyeza swichi. Kwa hiyo kazi ya kebo kamili huanza na karatasi na maltimita, yaani kipima umeme: unachukua kebo asili ya pawa saplai hiyohiyo, unapima tundu kwa tundu, na kuchora ramani ya lipi linaenda wapi. Ramani ya kuokota mtandaoni itumike kwa kulinganisha tu.

Ukichora ramani hiyo huenda ukakuta nyaya mbili zimeingia tundu moja. Zisikushangaze. Mmoja unabeba umeme, mwenzake, ambao mara nyingi ni mwembamba, unairudishia pawa saplai habari ya volti iliyofika kweli kwenye ubao mama. Ni kero kwa mvishaji, maana unaharibu mstari uliopangwa vizuri, lakini usiuache. Bila habari hiyo pawa saplai inaweza kusahihisha volti vibaya au ikakataa kuwaka.

Unene wa waya hupimwa kwa nambari za AWG, kipimo cha Kimarekani cha nyaya, na nambari ikishuka waya unanenepa. Nambari 18 ina shaba ya karibu milimita za mraba 0.8, nambari 16 ina kama 1.3. Plagi ya matundu 8 ya kadi ya grafiki imepangiwa wati 150. Gawanya kwa volti 12 upate ampea 12.5, kisha zigawe kwa nyaya tatu zinazopeleka umeme: kila mmoja unabeba ampea 4 na kidogo. Nambari 18 inatosha. Plagi mpya ya matundu 16 ni habari nyingine: wati 600 kwenye nyaya sita ni zaidi ya ampea 8 kila mmoja, kupitia pini ndogo zaidi. Plagi za aina hiyo zimeripotiwa kuyeyuka tangu mwishoni mwa 2022. Hiyo ningeiacha mikononi mwa kiwanda.

Kebo hufa au hupona kwenye pini. Pini za plagi hizi, za umbo la Mini-Fit Jr., zina jozi mbili za mabawa: za mbele hushika shaba, za nyuma hushika ngozi ya plastiki. Unamenya waya kama milimita 3, unauweka ili shaba yote ikae kwenye jozi ya mbele, kisha unabana kwa koleo maalumu linalokunja mabawa yazame katikati ya shaba. Koleo la kawaida huyalaza tu. Halafu vuta kwa nguvu. Ukichomoka, kata uanze upya. Wapo wanaoongeza risasi kwa kulehemu wakidhani wanaimarisha, kumbe waya unakuwa mgumu na hukatika pale risasi inapoishia.

Gamba huvutwa juu ya waya mpaka nyuma ya pini, ncha yake inapashwa moto wa kiberiti cha gesi na kufinywa ingali laini, na waya unasukumwa kwenye plagi kabla haijaganda. Ukifanya hivyo huhitaji mpira wa kusinyaa kwa joto, na kiungo hakionekani kabisa. Urefu nao unataka hesabu: kebo ikipinda, nyaya za nje ya kona zinasafiri mbali kuliko za ndani. Ukizikata zote sawa, za ndani zitatuna. Vitana vya plastiki vinavyouzwa kwa ajili ya kuzipanga huficha kosa hilo kiasi, lakini haviliondoi.

Kabla ya kuunga chochote cha thamani, pima tena tundu kwa tundu ukiifuata ramani. Kisha washa pawa saplai peke yake kwa kuunganisha tundu la 16 la plagi kuu, lile la waya wa kijani, na graundi yoyote, upime volti: ya 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, ya 5 kati ya 4.75 na 5.25. Na kebo ikikamilika, andika juu yake jina kamili la toleo la pawa saplai iliyotengenezewa, kwani siku ukibadilisha pawa saplai, kebo hizo haziendi nayo mpya mpaka zipimwe upya.