Mgongano wa ratiba: maana yake na mahali unapojificha

Kuna siku nilisimama kando ya barabara ya kuingia soko moja dogo upande wa Ahero, karibu na Kisumu, nikitazama vijana wakipasua kwa sururu lami iliyokuwa na wiki tatu tu tangu imwagwe. Bomba la maji lilikuwa limefika, na lazima livuke. Kontrakta wa barabara alikuwa amemaliza siku aliyoahidi. Wa maji naye alianza siku aliyoahidi. Hakuna aliyechelewa hata siku moja, lakini barabara mpya ilikuwa na mtaro katikati.

Huo ndio mgongano wa ratiba, na wengi huuchanganya na kuchelewa. Kuchelewa ni jambo la mradi mmoja: ulisema Ijumaa, ukamaliza Jumanne. Mgongano unahusu miradi miwili au zaidi inayotegemeana. Kila ratiba ukiisoma peke yake haina tatizo, ila ukizitandaza zote juu ya meza moja unaona haziwezi kutimia pamoja. Ndiyo maana msimamizi hodari anaweza kuukosa kabisa: anachunga ratiba yake vizuri, na mgongano haumo ndani yake.

Miradi hugongana kwa sababu inagawana kitu. Pengine ni mahali, kama kwenye ile barabara. Pengine ni kifaa au mtu: greda moja inayotakiwa saiti mbili, au mkaguzi mmoja ambaye bila yeye hakuna mtaro unaofukiwa. Mkaguzi husahaulika mno, kwa sababu haandikwi kwenye ratiba ya mtu yeyote. Lakini mgongano unaouma zaidi ni wa makabidhiano, pale kazi ya mmoja inapokuwa mwanzo wa kazi ya mwingine.

Chukua jukwaa la tangi la maji. Fundi anamwaga zege tarehe 3 Machi. Kwa kawaida nguvu kamili ya zege hupimwa likitimiza siku 28, kwa hiyo yeye ameandika kwamba atakabidhi tarehe 31. Mtu wa maji ameandika kwamba atajaza tangi na kupima mfumo tarehe 20. Tangi la lita 10,000 likijaa, maji peke yake ni tani 10. Anayesoma ratiba moja moja haoni kasoro yoyote. Ukiziweka sambamba, pengo ni siku 11, na halizibiki kwa kuwahimiza watu wafanye bidii, maana zege halihimizwi.

Njia za kupanga kazi zipo tangu zamani. Mwaka 1957, wataalamu wa kampuni za DuPont na Remington Rand huko Marekani walibuni hesabu ya kutafuta mlolongo mrefu zaidi wa kazi zinazofuatana, ule ambao ukipoteza siku moja humo, mradi mzima unasogea. Ni hesabu nzuri na bado inatumika. Lakini ukiifanyia mradi mmoja mmoja, haitakuambia lolote kuhusu jirani.

Hapo ndipo siku za akiba zinapodanganya watu. Tuseme kati ya mwisho wa kazi ya bomba na mwanzo wa barabara kuna siku kumi. Mtu wa bomba anaziona kama nafasi yake ya kuchelewa. Mtu wa barabara anaziona kama nafasi ya kuanza mapema, kabla masika ya Machi hadi Mei hayajageuza udongo mweusi wa uwanda wa Kano, kule kule Ahero, kuwa tope linalomeza malori. Siku ni zile zile kumi, na kila mmoja keshazitumia kichwani mwake. Nimeliona hili mara nyingi kuliko makosa mengine yote ya kupanga, na huwa halionekani hadi magari yakutane saiti.

Kufuatilia migongano, basi, ni kufuatilia yaliyo katikati ya miradi. Daftari moja linatosha, na sioni haja ya kuanza na programu ya bei ghali. Kila mstari unahusu kitu kimoja kinachotoka mkono mmoja kwenda mwingine: ni nini, nani anakitoa, nani anakipokea, kimeahidiwa lini, kinahitajika lini. Palipo na ahadi inayokuja baada ya hitaji, weka alama nyekundu. Siku za akiba nazo zipe mwenyewe kwa jina. Kisha kila Jumatatu mpigie anayetoa, umuulize jambo moja: tarehe ni ile ile? Usimuulize amefika asilimia ngapi. Asilimia 90 inaweza kukaa mwezi mzima.

Ukiupata mgongano mapema, mara nyingi huhitaji kusogeza mradi mzima. Unaomba kipande tu kitangulie. Pale Ahero, kilichohitajika kabla ya lami ni kivuko peke yake: bomba pana la kupitishia, lizikwe kukatiza barabara, ncha zake zizibwe na kuwekewa alama. Mita chache tu, kazi ya siku moja. Bomba la maji lingekuja wiki tatu baadaye na kupenyezwa humo bila sururu kugusa lami.