Toa kidole kwenye R2

Vibanda vingi vya gemu hapa Malindi, ukicheza gemu ya mpira ya FIFA (siku hizi EA FC) kwenye PlayStation, anayefungwa ndiye anayelipa. Kwa mtindo huo, nani atathubutu kujaribu kitu kipya mbele ya watu? Mazoezi yanabaki kwenye mechi za kucheza na kompyuta, na huko ndiko watu hujidanganya: mtu anaweka Semi-Pro, ngazi ya ugumu iliyo chini ya Professional na World Class, anashinda 6-0, anajiona ameiva.

Kwenye Semi-Pro kompyuta hukaa na mpira mguuni. Unamkimbilia mwenye mpira kwa beki wako wa kati, R2, kitufe cha kukimbia kasi, umeikandamiza tangu kipenga, na unampokonya. Ukipanda World Class, huyo unayemkimbilia anaachia pasi kabla hujamfikia. Beki kashatoka kwenye safu, nyuma yake peupe, mshambuliaji anapita hapo hapo. Ndipo kelele zinaanza kwamba gemu inambeba mpinzani. Tundu umelitoboa mwenyewe.

Ukipoteza mpira, achia R2. Badilisha mchezaji kwa L1, na ukiangukiwa na beki wa kati, bonyeza tena mpaka umpate kiungo mkabaji. Shika L2 ili ajongee uso ukimwelekea mwenye mpira, umkingie njia ya goli, hatua mbili hivi kutoka kwake. Ngoja. Mpira ukimtoka mguuni kidogo, piga kitufe cha duara umpokonye. Ukipiga mapema mchezaji anarusha mguu hewani, na hadi ajiweke sawa, mwenzako yuko uso kwa uso na kipa. Hiyo subira ndiyo ngumu kuliko vitufe vyote.

Kama Professional inakuchosha na World Class inakuchapa 4-0, usirudi chini. Ingia kwenye mipangilio, utafute slaida, vile vipimo vya kuongeza au kupunguza uwezo wa wachezaji. Kila moja huanzia 50. Upande wa CPU, yaani kompyuta, shusha Sprint Speed (kasi ya kukimbia) hadi 45, kisha uirudishe moja moja kadiri unavyozoea. Mechi za mtandaoni hazifuati slaida hizi. Wacheza bao la kete hawaoni haya kuanza na kilicho rahisi: mwanafunzi huanza na bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, ndipo aingie bao la Kiswahili lenye namua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja.

Ukishinda mechi 5 mfululizo kwa goli 3 au zaidi, panda ngazi. Ukifungwa, tazama marudio ya goli na uangalie kitu kimoja tu: pasi ilipoanza, beki wako wa kati alikuwa wapi?