Je, wajua kwa nini vani ya umeme hugoma kuwaka na betri kubwa imejaa chaji?

Vani ya umeme imelala kwenye chaja usiku kucha. Alfajiri inatakiwa soko la Kongowea, Mombasa, kupakia mboga za hoteli za Nyali, dereva anabonyeza kitufe, na kumbe hakuna kitu. Dashibodi nyeusi, rimoti haifungui mlango. Chini ya sakafu mna umeme wa kufika Kilifi na kurudi, lakini gari halisongi hata hatua moja. Kilichokufa ni betri nyingine, ile ndogo ya volti 12, ya risasi na tindikali, inayouzwa kwenye maduka yote ya vipuri mjini.

Wengi hushangaa kusikia kwamba gari la umeme lina betri ya aina hiyo. Ya nini tena?

Chukua Nissan e-NV200, vani iliyoanza kutengenezwa mwaka 2014. Betri yake kubwa ina seli 192 zinazotoa volti 360 hivi, na mwanzoni ilibeba kilowati-saa 24, baadaye 40. Betri ndogo ya kawaida, yenye ampea-saa 45, hubeba takriban nusu kilowati-saa tu. Ndani ya sanduku la betri kubwa mna swichi nzito za sumaku, mafundi huziita kontakta. Gari likizimwa, zinaachia, na umeme wote mkali unabaki umefungiwa humo. Ili zishike tena, sumaku zake zinahitaji umeme wa volti 12, na kompyuta inayotoa amri ya kushika inahitaji umeme huohuo. Betri ndogo ndiyo mlinzi wa geti mwenye funguo: akizimia, ghala lijae vipi, hakitoki kitu.

Mpango huo umewekwa makusudi. Gari likigonga na mifuko ya hewa ikafumuka, kontakta huachia zenyewe ili watu wa zimamoto wasikutane na volti 360 kwenye mabati yaliyokunjika. Isitoshe, betri ndogo hutumia bodi ya gari kama waya wake wa hasi, ilhali betri kubwa haiguswi na bodi upande wowote, si chanya si hasi. Kwa hiyo taa, wipa, redio, kufuli za milango na kompyuta zote hula kwenye volti 12. Alteneta, ile inayozungushwa na injini ya petroli ili kuchaji betri, haipo, kazi yake inafanywa na konvata, kifaa kinachoshusha umeme wa betri kubwa na kuichaji ndogo.

Konvata hiyo hufanya kazi gari likiwa limewaka kikamilifu au linapochajiwa, na hapo ndipo madereva wa Mombasa wanapoponzwa. Tazama foleni ya feri Likoni saa nane mchana. Dereva aliyezoea gari la petroli huzima kila kitu ili asichome mafuta, kisha anarudisha swichi hatua moja ili apate redio na feni na achaji simu. Kwenye gari la umeme, hatua hiyo ni mtego. Kontakta zimeachia, konvata imelala, na feni ikiwa kasi ya juu inaweza kula ampea kumi au zaidi kutoka kwa betri ndogo pekee. Betri iliyochoka haimalizi hata saa mbili. Angeliacha gari limewaka, ile taa ya kijani yenye picha ya gari na mshale ikionekana, na gia ikiwa kwenye kuegesha, feni ingekula kwenye betri kubwa na asingeona tofauti yoyote ya maana. Ukishafika ndani ya feri ni sheria za feri, zima. Lakini kule juu barabarani, kuzima ili kuokoa umeme ni hasara.

Kazi ya kusambaza bidhaa inaongeza balaa lake. Mlango wa nyuma hufunguliwa na kufungwa mchana kutwa, na kila ukifunguliwa kompyuta zinaamka. Kifaa cha kufuatilia gari, ambacho wenye magari hukifunga bila kumwambia dereva, hunywa umeme kidogokidogo hata usiku. Kisha kuna joto. Kanuni inayojulikana ya betri za risasi ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 hivi, maisha ya betri hupungua karibu nusu, na Februari na Machi mji huu hupita nyuzi 32 kivulini, sembuse chini ya boneti kwenye lami. Hewa ya bahari nayo hulisha ule unga mweupe au wa kijani unaoota kwenye vichwa vya betri na kuzuia umeme.

Ubaya mkubwa ni kwamba betri hii haiagi. Kwenye gari la petroli stata, mota inayozungusha injini ili iwake, hudai mamia ya ampea, kwa hiyo betri ikichoka utaisikia injini ikizunguka kwa uvivu siku kadhaa kabla haijagoma. Gari la umeme halina stata. Kompyuta zinaridhika na umeme mdogo hadi siku volti zinaposhuka chini ya kiwango chao. Ukibahatika utaona taa za onyo zisizohusiana, za breki, usukani, mara hiki mara kile, na fundi asiyejua ataanza kufungua breki.

Na kuchomeka chaja ukutani mara nyingi hakusaidii, maana kuchaji nako kunahitaji kontakta zishike. Kinachosaidia ni kuibusti ile betri ndogo kwa waya za jampa, kama gari lolote. Kompyuta zikiamka na gari likawaka, konvata inachukua kazi. Ila usilitumie gari lako la umeme kuwasha injini ya jirani. Konvata haikuundwa kulisha stata.

Kabla ya kununua betri mpya, pima. Testa ya bei nafuu inatosha. Gari likiwa limelala usiku mzima, betri nzuri husoma volti 12.6 au zaidi, ya 12.2 imebaki na nusu hivi, na chini ya 12 iko karibu tupu. Kisha washa gari upime tena: inapaswa kupanda hadi 13 na kitu au 14 na kitu. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, mgonjwa ni konvata au fyuzi yake, na betri mpya itakufa vilevile.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache, lakini ina mpangilio. Kwanza chomoa waya wa chaja, maana gari linalochajiwa liko macho hata ukiliona limezima. Shusha kioo cha dereva na fungua boneti mapema, kwa sababu kufuli za umeme hazitakutii ukishakata betri. Vua pete na saa. Weka ufunguo mbali, usubiri dakika kadhaa kompyuta zilale. Kwenye vani nyingi betri iko chini ya boneti, nyingine hufichwa chini ya kiti. Kwa kawaida spana namba kumi ndiyo inayohitajika. Hasi inatoka kwanza, kisha chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau. Unga wa vichwani usafishe kwa maji na magadi ya kuoka, kausha, weka betri mpya, kaza mkanda wake wa chuma, funga chanya, na hasi iwe ya mwisho. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse hata kwa udadisi. Hizo ni za volti 360, na kazi hii haizihitaji.

Nunua saizi ileile na aina ileile. Kwenye betri za Kijapani iliyoandikwa B24, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho, L au R, inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukikosea herufi, nyaya hazifiki. Mimi nisingesubiri ife: kwa vani inayofanya kazi kila siku Pwani, ningeipima kila miezi michache na kuibadilisha mara inapoanza kulegea, kwa sababu bei yake ni ndogo kando ya mboga zilizonyauka. Ukimaliza, saa ya dashibodi itakuwa imepoteza majira na vioo vya milango huenda vikahitaji kufundishwa upya kupanda na kushuka. Baadhi ya magari pia hutaka kompyuta iarifiwe kuhusu betri mpya, kwa hiyo soma kitabu cha gari.

Betri kuukuu usiiuze kwa mpita njia wa vyuma chakavu. Mombasa tunajua sababu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kiliwasumisha wanakijiji kwa risasi. Mwanaharakati wa mazingira Phyllis Omido aliipigania kesi yao, mahakama ya mazingira ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Maduka mengi ya betri hupokea ya zamani na kukupunguzia bei ya mpya, kwa hiyo uliza wanaipeleka wapi. Ukiibeba, iweke wima ndani ya beseni la plastiki, tindikali isije ikamwagikia sakafu ya vani.