Chini ya boneti ya Altezza kisiwani: waya wa hasi kwanza, filta ya koni baadaye

Anayenunua Toyota Altezza RS200 hapa Unguja huanza kwa kuulizia filta ya koni (ile ya hewa inayokaa wazi bila boksi) na eksozi. Mimi namwambia afungue boneti, atazame pale waya wa hasi wa betri unapofungwa kwenye bodi. Mara nyingi atakuta unga wa kijani na nati iliyokwisha kuliwa na kutu. Injini ile, 3S-GE ya cc 1998 isiyo na turbo, ilitoka kiwandani na farasi 210 kwenye gari ya gia za mkono. Imeshakamuliwa. Vitu vya kufunga nyumbani haviwezi kuiongezea farasi wengi, lakini ina wengi wa kupoteza, na chumvi ya huku inawachukua mmoja mmoja bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi.

Tuanze na umeme, maana ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Kipimo chake hakitaki zaidi ya multimita. Iweke kwenye volti za DC, ncha moja iguse nguzo ya hasi ya betri yenyewe (nguzo, si klipu iliyoivaa), ncha ya pili iguse chuma kisafi cha bloku, yaani mwili wa injini. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, mwenzako apige starta kwa sekunde tano. Ukisoma chini ya volti 0.3, waya ni mzima. Ikifika 0.5 na kuendelea, kuna mahali umeme unahangaika. Irudishe fyuzi, washa injini, washa taa kubwa na feni ya AC, pima tena pale pale: sasa isizidi 0.1. Mwisho pima nguzo mbili za betri, utafute 13.8 hadi 14.5. Alternata nyingi nzima zimetupwa kwa sababu betri ilisomeka 13.0, kumbe volti iliyobaki ilikuwa inaliwa na nati moja yenye kutu. Koili za plagi nazo hula umeme huo huo. Zikipunjwa, cheche inakuwa dhaifu na injini inakohoa kwenye mizunguko ya juu, ambako ndiko kwenye utamu wa 3S-GE.

Waya mpya uwe wa milimita 25 za mraba kutoka betri hadi bloku, na 16 kutoka bloku hadi bodi. Nunua ule wa boti, ambao kila uzi wake umepakwa bati. Mafundi wa mashine za boti wanaujua. Shaba tupu hunyonya unyevu kwa ndani kama utambi wa kandili. Ukiuchana waya wa zamani utaona nyuzi zimekuwa nyeusi sentimita kumi ndani, na ganda la nje bado linang'aa kama la dukani. Vichwa vyake vibanwe kwa koleo la haidroliki, kisha vivishwe mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Kuchomelea kwa risasi peke yake sikushauri: waya hukakamaa pale risasi inapokomea, na mtikisiko wa injini unaukata hapo hapo. Kubana kwa nyundo ndiyo kabisa usithubutu.

Kwenye bodi, kwangua rangi kwa msasa namba 120 mpaka chuma king'ae, duara la kama sarafu ya shilingi mia. Kaza nati kwanza, ndipo upake Vaselini au grisi juu ya kila kitu, ifunike hadi kwenye rangi. Nati ya spana namba 10 inataka kama Nm 8, yaani nguvu ya kifundo cha mkono tu. Ukiitegea mwili mzima inakatika.

Maji ya rejeta. Visima vyetu vingi vinachota kwenye mwamba wa matumbawe, na sufuria ya chai inatoa ushahidi: ule utando mweupe chini ni chokaa. Utando huo huo unajenga ndani ya mirija ya rejeta, ambayo ni myembamba kuliko unavyofikiri. Changanya kulanti (dawa ya rejeta) nusu na maji ya betri nusu, yale matupu yaliyosafishwa, na soma chupa vizuri, kwani asidi ya betri nayo huuzwa kwenye rafu hiyo hiyo. Anayesema kulanti ni ya nchi za barafu hajui kazi yake ya pili, ambayo kwetu ndiyo ya kwanza: kuzuia kutu ndani ya bloku la chuma na kichwa cha aluminiamu. Kagua na kifuniko cha rejeta. Kilichoandikwa 1.1 kinabana maji yasichemke mpaka yapite kidogo nyuzi 120. Mpira wake ukichanika, maji safi yatachemka kwenye 100, na wewe utalaumu feni. Usikifungue injini ikiwa ya moto.

Klipu za paipu zina siri ndogo. Tazama maandishi yaliyogongwa kwenye mkanda wake: W1 ni chuma kilichopakwa zinki, kisiwani hakidumu. W2 ina mkanda usioshika kutu lakini skrubu yake inashika, kwa hiyo siku ya kufungua utaikata. Tafuta W4, ambayo hata skrubu yake haishiki kutu, au W5 kama gari inalala karibu na pwani.

Sasa hiyo filta ya koni. Mchana wa kaskazi hewa ya nje ni nyuzi 32. Chini ya boneti, gari ikiwa imekwama kwenye foleni ya Darajani, nyuzi 60 si ajabu. Uzani wa hewa hupungua kadiri joto linavyopanda, joto linalohesabiwa kutoka sufuri kamili (nyuzi 273 chini ya sufuri ya kawaida), hivyo 32 ni 305 na 60 ni 333. Gawa, unapata 0.92. Kila pumzi inayovutwa na injini imepungukiwa asilimia 8 ya hewa, na hiyo koni iliyoachwa wazi juu ya eksozi umeilipia mwenyewe. Kinachowadanganya watu ni mlio. Boksi la kiwandani pamoja na mdomo wake unaovuta hewa ya mbele, ukiweka filta mpya ya karatasi, litaishinda koni tupu siku nyingi za mwaka.

Ukiitaka lazima, ijengee chumba: bati la aluminiamu la milimita 1.5, ukingo wa mpira unaogusa boneti ikifungwa, na bomba la milimita 75 kutoka kwenye grili. Mdomo wa bomba usiuteremshe chini ya bampa. Masika barabara zetu hugeuka mito, na maji yakiingia kwenye silinda hayabanwi: kinachopinda ni konrodi, fimbo inayosukumwa na pistoni. Filta za kupakwa mafuta zipake kidogo sana, la sivyo mafuta yanahamia kwenye waya wa sensa ya hewa na gari inaanza kusitasita.

Kuna mapambo mawili ninayoyakataa. Utepe wa kuzungushia eksozi ni mzuri penye ukavu. Hapa unalala na unyevu wa chumvi usiku kucha na kuitoboa eksozi kwa ndani usikoona. Bakiza ngao za kiwandani. La pili ni bolti za stenlesi zinazong'aa kwenye aluminiamu. Metali mbili na chumvi katikati zinafanya betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Kama umeshazifunga, zitoe moja moja, pakaza grisi ya kuzuia kunasa, urudishe kwa nguvu pungufu kidogo, kwa sababu nyuzi zenye grisi hukazika zaidi ya unavyohisi.

Kuosha: injini ipoe, funika koili na alternata kwa nailoni, tumia maji baridi ya mvua au ya bomba yasiyo na shinikizo, brashi na sabuni ya vyombo. Mashine ya presha hujaza maji kwenye mashimo ya plagi. Gari iliyovuka baharini kwenda Pemba ioshwe siku hiyo hiyo inaposhuka Mkoani, chini ya tumbo zaidi kuliko juu.

Na kabla ya senti yoyote kwenda kwenye koni, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Muda wake ni kilomita 100,000, na ukikatika vali hukutana na pistoni. Kilomita za gari iliyoagizwa ikiwa imetumika zinarudishwa nyuma kirahisi, kwa hiyo kama hakuna kibandiko cha tarehe kwenye kifuniko chake, chukulia haukubadilishwa. Badilisha pamoja na pampu ya maji, tensheni na sili ya kamshafti kwa kazi moja; pampu ukiiacha na ikaja kuvuja, utafungua upande wote wa mbele wa injini upya.