Chatiboti ifundishe, isipime: kwa wanaoelimisha jamii ndogo kuhusu saratani ya kinywa

Vikundi vya vijana vinavyotaka kufundisha kinga ya saratani ya kinywa kupitia chatiboti, yaani programu ya simu inayojibu maswali, vinazidi kutuomba ushauri. Wengine wanawalenga Wakara na Wakerewe wa visiwa vya Ziwa Victoria, wengine wazee wa Kihindi wa hapa Mwanza mjini. Nia ni njema na hatuna sababu ya kuizima. Ila malalamiko nayo yanakuja.

Kwanza lugha. Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilizindua chatiboti yake, S.A.R.A.H., kwa lugha 8. Kihindi kilikuwemo. Kigujarati, lugha ya wengi wa wazee hao wa Kihindi, hakikuwemo, wala Kiswahili, sembuse Kikara, lugha ya Wakara. Ndiyo maana vikundi hujitungia majibu vyenyewe, na hapo ndipo daktari wa kinywa na meno anapohitajika: kabla majibu hayajawafikia watu.

Maswali nayo yafuate maisha ya wahusika. Mvuvi wa mwalo wa Kirumba ukimuuliza kama anavuta sigara atasema hapana, na ugoro uko chini ya mdomo wake. Mzee anayetafuna tambuu naye atakana tumbaku, na atakuwa anasema kweli, kwani tambuu yake ni popoo na chokaa tu. Chatiboti inampongeza! Popoo peke yake, bila chembe ya tumbaku, husababisha saratani. IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, ilishaiorodhesha hivyo mwaka 2004. Pia popoo hukaza nyama laini ya ndani ya mashavu mpaka mtu anashindwa kufungua kinywa, na kuacha kutafuna hakuirudishi ilivyokuwa. Anayechanganya tumbaku na pombe anajiongezea hatari. Habari za babu aliyetafuna hadi uzeeni bila kuugua tumezisikia za kutosha, na si ushahidi.

Kidonda kisichopona kwa wiki 2, baka jeupe au jekundu, uvimbe, ganzi, jino linalolegea bila sababu: chatiboti ikitajiwa lolote kati ya haya, iseme "nenda kituo cha afya" na iishie hapo. Isiombe picha. Saratani huthibitishwa kwa kuchukua kipande kidogo cha nyama ya kinywa na kukipima kwa darubini. Na kwa wanaohofia: hapana, kuchukua kipande hicho hakusambazi saratani. Sijui tulieleze hili kwa lugha gani tena.

Mgonjwa aanzie zahanati au kituo cha afya cha karibu. Ikibidi ataandikiwa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya mkoa Sekou Toure, kisha hospitali ya kanda Bugando. Barua ya rufaa asiiache nyumbani. Chatiboti inayomtuma mtu wa kisiwa cha Ukara moja kwa moja Bugando inampotezea nauli na siku. Asiye na uhakika apige 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, ni bure.

Sasa picha za vinywa vya wazee zinazozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Anayezikusanya anatakiwa kujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kupata ridhaa ya mhusika kwa maandishi. Ridhaa ya mjukuu aliyeshika simu si ridhaa ya bibi. Mtu binafsi anayetoa taarifa hizo kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini ya shilingi 100,000 hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kwa kampuni, faini hufika bilioni 5. Hatuandiki haya ili kumtisha mtu.

Wanaotaka majibu yao yakaguliwe walete maandishi yote, si kiungo cha programu peke yake. Wanaotumia sauti, jambo tunalolipendelea kwa wazee wasiosoma, walete pia tafsiri ya Kiswahili ya kila rekodi. Hapa ofisini hakuna anayejua Kikara, na tusichokielewa hatukipitishi.