Ukubwa wa athari ni nini, na kwanini p peke yake haitoshi

Ukishaingiza data kwenye SPSS (programu ya takwimu) ukabonyeza testi, macho yanakimbilia safu ya p moja kwa moja, ikiwa chini ya 0.05 mtu anashangilia, ikiwa juu ananyong'onyea, af ripoti inaandikwa hapo hapo. Shida ni kwamba p haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani, inajibu swali jingine kabisa: tuseme kiukweli hamna tofauti yoyote, je ingekuwa rahisi kiasi gani kupata matokeo kama haya au kuzidi haya kwa bahati tu? Basi, inaishia hapo. Yaani mlango umegongwa, ila aliyegonga ni mtoto au ni jitu, p haijui. Kujua hilo ndo kazi ya ukubwa wa athari.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi waliofundishwa kwa njia mpya wana wastani wa alama 62, wa njia ya zamani 58, na mchepuko sanifu (ile SD, yaani alama zinavyotawanyika kuzunguka wastani) kwa kila kundi ni 10. d ya Cohen, kipimo kimojawapo cha ukubwa wa athari, ni hesabu nyepesi tu, 62 toa 58 gawa kwa 10, unapata 0.4, kwamba makundi yamepishana kwa sehemu nne ya kumi ya SD moja. Sasa kama kila kundi lina watu 20, p inakuja kama 0.21 na wengi wataandika "hakuna tofauti". Weka watu 200 kila kundi, wastani ule ule, SD ile ile, p inaporomoka chini ya 0.001. d haijasogea, ni 0.4 kotekote! Na ukienda mbali zaidi, watu 10,000 kila upande na tofauti ya nusu alama tu, p ni kama 0.0004 huku d ni 0.05, tofauti ambayo mwalimu aliyeko darasani hawezi hata kuiona.

Kwahiyo p kubwa sio ushahidi kwamba hamna kitu. Kwa wale 20, ukiomba masafa ya uhakika ya 95% (confidence interval) utaona tofauti inaweza kuwa popote kati ya -2.4 na 10.4, maana yake data haijui, sio kwamba imekataa. Kwa wale 200 inabana, 2.0 hadi 6.0. Binafsi hiyo mipaka miwili naiamini kuliko nyota zote za p ndogo zinazobandikwa kwenye majedwali.

Kuchagua testi yenyewe watu wanakuzaga mno. Jiulize unachopima ni namba au ni kategoria, makundi ni mangapi, na je ni watu wale wale wamepimwa mara mbili au ni watu tofauti. Namba na makundi mawili ni testi ya t, makundi matatu na kuendelea ni ANOVA, kategoria kwa kategoria ni kai mraba, namba kwa namba ni korelesheni, na data za kupanga ngazi au zilizopinda sana kwenye sampuli ndogo unaenda Mann-Whitney. Kila moja ina ukubwa wake wa athari: d kwa testi ya t, eta mraba kwa ANOVA, V ya Cramér kwa kai mraba, na korelesheni yenyewe r tayari ni ukubwa wa athari, huhitaji kutafuta kingine. Kuhusu testi ya t ya makundi mawili, mi nasema chukua ya Welch na usihangaike, haidai SD za makundi zilingane, na programu ya R inatumia hiyo usipobadilisha chochote. SPSS inakupa mistari miwili, Welch ni ule wa chini.

Kwenye programu ndo kuna mitego. SPSS ilianza kutoa d kwenye testi ya t toleo la 27, mwaka 2020, kabla ya hapo watu walikuwa wanapiga kwa mkono. Jedwali lake lina safu inayoitwa Standardizer na nyingine Point Estimate, na utakuta mtu kaandika d = 10 kwa sababu kachukua ya kwanza, kumbe hiyo ni SD iliyotumika kugawia, d ni ya pili. jamovi na JASP ni za bure, unaweka tiki tu. R kwenye t.test haikupi d kabisa, unahitaji pakeji kama effectsize.

Mtego mwingine ni watu wale wale kupimwa kabla na baada. Hapo programu nyingi zinagawa kwa SD ya tofauti, sio SD ya alama, kwahiyo tofauti ile ile ya alama 4, SD 10 kabla na baada, korelesheni ikiwa 0.8, d inatoka kama 0.63 badala ya 0.4. Usiilinganishe na d ya makundi mawili tofauti, hazijagawiwa kwa kitu kimoja.

Ile mizani ya 0.2 ndogo, 0.5 wastani, 0.8 kubwa ni ya Jacob Cohen, na mwenyewe alitahadharisha kwamba ni ya kutumia pale usipokuwa na msingi mzuri zaidi. Ni ya d tu. Eta mraba ina yake, 0.01, 0.06 na 0.14, so anayeona 0.14 kwenye ANOVA akaiita ndogo kachanganya mizani. Na kama kipimo chako kinaeleweka chenyewe, alama, kilo, dakika, anza na hicho, msomaji anaelewa "alama 4" haraka kuliko d.

Wale 200 kwa 200 ningewaandika hivi: njia mpya ilizidi kwa alama 4 (95%: 2.0 hadi 6.0), t(398) = 4.00, p < 0.001, d = 0.40. Na ukikuta SPSS ya zamani imeandika .000 usiinakili hivyo, p haiwi sifuri, imekatwa desimali tu.